Fremu Tano na Ushei

Simu yangu husema Kiswahili. Inauliza:
Je, ungependa kuoanisha?
Nilipomtafsiria Bi Isobel Petrie alicheka hadi akakohoa:
tangu azike mume hajaposwa na mtu,
leo anaposwa na kidude cha plastiki
kisichozidi punje ya kunde, nyuma ya sikio.
"Kiambie nimekubali." Nikabonyeza.
Imeunganishwa.
Sekunde nane.
Imekatika.

Hapa ni Dundee, ghorofa ya tatu, Hilltown, Februari.
Mto Tay umelala kijivu chini ya daraja la reli.
Mimi hulipwa ili daktari aonekane kiooni
na asikike sikioni, kwa wakati mmoja.
Mistari elfu nne ya msimbo,
na kila mstari una namna yake ya kunikana.

Akienda jikoni kuchemsha maji, ukuta unameza mawimbi.
Nikaifundisha simu kutafuta tena,
na kila ikikosa ingoje zaidi kidogo,
kama mtu anayedai deni kwa haya.
Akapiga mwanawe kutoka Perth, daktari hakunyamaza,
wakagombana wawili ndani ya kichwa cha mama wa watu.
Nikaandika: mwenye nyumba akiitwa, mgeni anyamaze,
akumbuke alipoishia, arudi akiruhusiwa.
Adabu. Hakuna mashine inayozaliwa nayo.

Ijumaa vipimo vyangu vyote vilikuwa kijani.
Bi Isobel akatikisa kichwa.
"Mdomo umeshafunga duka,
sauti ndiyo kwanza inafika."
Nikamwambia jicho la mtu haliwezi kuona hilo.

Akanitazama.

Aliingia kiwanda cha juti na miaka kumi na mitano.
Mitambo ya kufuma ilinguruma
hata matusi ya msimamizi hayakufika popote.
Wasichana wakasomana midomo, ukumbi mzima,
mwisho huu hadi ule: bei ya mkate,
nani kaachwa, nani ana mimba na hajasema.
Masikio yakafa taratibu. Macho yakarithi.

Nikapima upya. Milisekunde mia na themanini.

Baba yangu alilisha mkonge mashine ya korona, Ngomeni;
jina hilo lilikuwa la chuma kabla ya kuwa la ugonjwa.
Nilikuwa nikimwita nyuma ya mgongo,
mara mbili, mara tatu, kisha nikanuna.
Nilidhani ananidharau.
Sikujua kwamba alihitaji tu nizunguke mbele.

Sauti haiharakishwi. Nilijaribu:
nikapunguza akiba yake, ikakwaruza kama redio yenye mchanga.
Lazima ifungashwe, irushwe hewani, ifunguliwe sikioni,
na kila kituo kina ushuru wake.
Basi saa saba usiku nikafanya kinyume,
nikaishika picha.
Fremu tano na ushei nikazisimamisha mlangoni:
ngojeni, mwenzenu ana mzigo.
Kawia ufike, walisema wakubwa,
ila hawakusema ni nani wa kumsubiri aliyekawia.

Jumatatu Bi Isobel alimsikiliza daktari dakika tano,
hakunisifu, alisema tu kijana yule anapayuka.
Kisha akakivua kidude, akakiweka juu ya kisahani cha chai.
"Sasa wewe. Bila sauti."

Nikatamka jina la baba, midomo mitupu.

Alikunja uso. "Baruku?"

Mbaruku. Lakini M na B
hufumba midomo kwa namna moja,
ya kwanza hujificha nyuma ya pili;
hilo hakuna programu itakayolirekebisha.
Nikatikisa kichwa: ndiyo, huyo huyo.
"Ni nani?" akauliza, akisogeza kiti
ili mwanga wa dirisha uniangukie usoni.